Risasi Isiyochanua Haikomi: Mafunzo ya Majaribio ya Risasi kwa Wakazi wa Mpakani

*Hotuba ya ofisa wa polisi kwa wakazi wa Rubavu, iliyotolewa katika mkutano wa wananchi baada ya kazi ya umuganda*



Nimeombwa kuzungumza juu ya risasi. Najua wapo watakaojiuliza kwa nini polisi waje kuwafundisha raia wema habari za risasi, ilhali sheria inawakataza kuwa nazo. Jibu ni fupi. Sisi tunaoishi hapa hatukuchagua kuzifahamu risasi; zilitujia zenyewe. Agosti 2013 makombora yalianguka katika wilaya hii na kuua. Januari 2025, mapigano yalipofika Goma, risasi na makombora vilivuka mpaka usiohesabu hatua nyingi kutoka nyumba hadi nyumba, na raia wakafa, na wengine wengi wakajeruhiwa upande huu. Wengi mliomo humu mlilala sakafuni usiku ule na watoto wenu. Maswali mliyotuuliza baadaye yalikuwa ya haki: Je, ukuta wangu ungezuia? Kwa nini jeraha la jirani lilionekana dogo, naye akazidiwa ghafla? Je, hiki alichookota mwanangu kina hatari?

Maswali hayo yana majibu, na majibu hayo yamepatikana kwa majaribio ya zaidi ya miaka mia moja: watu wamepiga risasi kwenye maji, sabuni, mbao na jelatini, kisha wakapima kwa rula na mizani. Cha ajabu ni kwamba miongoni mwa waliopima kwa bidii wamo wawindaji na watengenezaji wa risasi za kuwindia. Basi niruhusuni nianze kwao, kisha turudi nyumbani.

Risasi ni nini

Lugha yetu ya Kiswahili imelipa jina moja madini na silaha. Risasi ni yale madini mazito, laini, ya kijivu, ambayo wavuvi hufunga kwenye nyavu. Na risasi ndiyo ile itokayo kwenye bunduki. Jina hilo si la bahati. Kwa karne nyingi kilichorushwa na bunduki kilikuwa donge la madini hayo tu.

Risasi ya siku hizi, kabla haijapigwa, ina sehemu nne: ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba nyeupe au chuma, kiwashio kilichopo chini ya ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Bunduki ikipigwa, kichwa huondoka na ganda huanguka chini. Kwa hiyo ganda tupu mnaloliona barabarani linaonyesha mahali aliposimama mpigaji, nacho kichwa kinaonyesha mahali kilipofikia. Wapelelezi wanahitaji vyote viwili.

Kichwa hicho kina kiini cha madini ya risasi, au cha chuma, kilichovikwa koti jembamba la shaba. Namna koti hilo lilivyotengenezwa ndiyo huamua karibu yote nitakayosema leo. Kama limefunika kiini chote mpaka ncha, kichwa hupita bila kubadili umbo. Kama ncha imeachwa wazi, kichwa kikigusa kitu chenye maji, kama vile nyama, ncha hiyo hupondeka, koti hupasuka na kukunjuka nyuma, na kichwa chote huchanua kama uyoga.

Jinsi majaribio yanavyofanywa

Mmoja wa watu wa kwanza kulishughulikia jambo hili kwa utaratibu wa kisayansi alikuwa daktari. Theodor Kocher, mpasuaji wa mji wa Bern huko Uswisi, yule yule aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi ya shingo, alipiga risasi kwenye makopo yaliyojaa maji, kwenye sabuni na kwenye kioo, akitaka kujua kwa nini majeruhi wa vita walikuwa na majeraha makubwa kuliko matundu. Mwaka 1894, mbele ya madaktari wenzake waliokutana Roma, alisimama kuomba risasi zitengenezwe kwa kuzingatia ubinadamu.

Baadaye wataalamu waliona kwamba kitu kinachofanana zaidi na misuli ya mwili ni jelatini, ule unga utokanao na ngozi na mifupa ya wanyama ambao hugandisha maji. Huchanganywa sehemu 1 ya unga kwa sehemu 9 za maji kwa uzito, ukagandishwa katika kipande kirefu kama boriti, ukatunzwa katika baridi ya nyuzi 4 za Selsiasi. Kabla ya kuutumia, hupigwa kigololi cha chuma chenye kipenyo cha milimita 4.5 kwa mwendo wa mita 180 hivi kwa sekunde. Kigololi kikisimama karibu na sentimita 8.5 ndani, basi jelatini imekubalika. Kikienda mbali zaidi au kikikwama karibu, kipande kile hutupwa. Mnaona ukali wa kipimo: hata kabla ya kuijaribu risasi, huijaribu kwanza ile mizani.

Risasi ikipigwa katika kipande hicho, mambo manne hupimwa. La kwanza ni kina ilichopenya. La pili ni upana ilioupata baada ya kuchanua. Risasi njema ya kuwindia huongezeka mara moja na nusu hadi mara mbili ya unene wake wa awali. La tatu ni uzito uliobaki, maana vipande vilivyomeguka njiani vimepoteza nguvu. La nne ni mahali ilipoanza kuchanua au kupinduka, kwani sentimita chache za mwanzo ndizo zinazotofautisha jeraha la juu juu na jeraha la moyo na mapafu.

Kamera za kasi zimeonyesha pia jambo ambalo jicho haliwezi kuliona. Risasi ya bunduki inapopita, jelatini hutanuka kwa kufumba na kufumbua ikafanya pango kubwa, kisha pango hilo hujifunga, ukabaki mfereji mwembamba. Daktari akitazama baadaye huuona mfereji. Pango limekwisha toweka. Lakini misuli, ini na mishipa iliyovutwa wakati ule imekwisha umia.

Kwa nini wawindaji waliunga kiini na koti

Mwindaji mwenye leseni, katika nchi inayoruhusu uwindaji kama vile Tanzania, ana wajibu wa kumuua mnyama upesi. Mnyama aliyejeruhiwa na kukimbia hufa kwa mateso vichakani, au humrudia mtu wa kijiji cha jirani ambaye hakuhusika. Kwa sababu hiyo mwindaji hutaka mambo mawili yanayopingana. Anataka risasi ichanue, ili ikate njia pana. Na anataka ipenye, ili ifike moyoni. Kila inapochanua zaidi, ndivyo inavyopunguza mwendo na kukwama mapema.

Afrika Mashariki iliuona ubishi huu kwa macho. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti Walter Bell, aliyepewa jina la Karamojo kutokana na nchi ya Karamoja huko Uganda, aliua zaidi ya tembo 1000, na wengi wao kwa bunduki ndogo zilizochekwa na wenzake waliobeba bunduki nzito. Siri yake ilikuwa risasi nyembamba, ndefu, iliyovikwa koti zima, isiyochanua kabisa. Ilipita katika mfupa mnene wa kichwa ikafika kwenye ubongo. Leo tunaihesabu idadi ile ya tembo kwa huzuni, lakini funzo lake limebaki: kisichochanua hupenya mbali.

Kwa wanyama wenye ngozi nyepesi, kama pofu au kongoni, risasi ya namna hiyo ilikuwa balaa, kwani iliweza kutoboa upande huu ikatokea upande ule na kumwacha mnyama akikimbia. Zile zenye ncha wazi nazo zilikuwa na kasoro yake: zikigonga mfupa wa bega, koti la shaba lilivuliwa, kiini kikasambaratika vipande vipande juu juu, na mnyama akabaki na jeraha la kutisha lisilofika ndani.

Hapo ndipo ilipozaliwa risasi iliyoungwa. Mtengenezaji hukishikamanisha kiini cha madini ya risasi na koti la shaba, kwa kuyeyusha au kwa njia ya kemikali, visiachane hata vikigonga mfupa. Kichwa huchanua, lakini huchanua kikiwa kitu kimoja. Katika majaribio, risasi ya kawaida ya kuwindia inaweza kupoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Iliyoungwa vizuri hubaki na asilimia 80 hadi 95. Huonekana kama ua la shaba lenye petali zilizokunjwa nyuma, na hukwama ndani ya mnyama au chini ya ngozi ya upande wa pili, imekwisha tumia nguvu zake zote.

Hata hivyo, ina masharti. Huhitaji mwendo. Risasi nyingi za aina hii hazichanui vyema mwendo ukishuka chini ya mita 550 hivi kwa sekunde. Ikifika kutoka mbali mno, hupita kama sindano. Tena ikipita kwanza kwenye mbao au ukuta, ncha huweza kuharibika au kuzibwa, na tabia yake ikabadilika. Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilijifunza umuhimu wa kina kwa uchungu baada ya mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambamo maofisa wake 2 waliuawa: risasi moja iliyompata jambazi mapema ilipita mkononi, ikachanua, ikasimama kabla ya kuufikia moyo, naye akaendelea kupigana. Tangu hapo shirika hilo likaweka sharti kwamba risasi za maofisa wake zipenye kati ya sentimita 30 na 46 za jelatini, na zijaribiwe kwa kupigwa kwanza kupitia nguo nzito, mbao, bamba la chuma na kioo cha gari.

Risasi ya vita, na huruma yenye gharama

Sasa tufike kwenye risasi iliyotufikia sisi.

Mwishoni mwa karne ya 19, kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta huko India, kilitengeneza risasi za kijeshi zenye ncha wazi. Ulimwengu uliona majeraha yake ukashtuka. Tarehe 29 Julai 1899, katika mkutano wa The Hague, mataifa yalitia sahihi azimio la kutotumia vitani risasi zinazochanua au kutandaa kwa urahisi mwilini. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, jirani zetu wa Uganda waliupokea mkutano mwingine: Kampala, mwaka 2010, nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilikubaliana kwamba kutumia risasi hizo kuwe uhalifu wa kivita hata katika vita visivyo vya mataifa, yaani vita vya ndani ya nchi moja.

Makubaliano hayo ni ya utu, nasi tunayaheshimu. Lakini yana upande ambao watu wa mpakani wanapaswa kuujua. Risasi ya kivita, kwa kuwa imevikwa koti zima, haichanui. Na isiyochanua haikomi upesi. Huruma aliyofanyiwa askari aliyesimama mbele inamwacha jirani aliyelala nyuma ya ukuta katika hatari zaidi. Risasi ya mwindaji imeundwa iishie ndani ya inachokipiga. Ya vita haina mpango huo.

Tuchukue ile inayojulikana zaidi katika ukanda wetu, ya bunduki ya Kalashnikov ya milimita 7.62. Kichwa chake kina uzito wa gramu 8 hivi, nacho hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 715 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya mwendo wa sauti. Ndiyo maana yule aliyepigwa kutoka mbali huenda asisikie mlio kwanza. Martin Fackler, mpasuaji wa jeshi la Marekani aliyeanzisha maabara ya majeraha ya risasi huko San Francisco, aliipiga risasi hii ya aina ya Kisovieti katika jelatini, akaona inakwenda karibu sentimita 26 ikiwa imenyooka kabla ya kuanza kupinduka, na kwa jumla ikapenya zaidi ya sentimita 60. Lakini risasi ya milimita 5.56, ya bunduki nyingine ya kijeshi, iliyo nyembamba na nyepesi zaidi, yeye aliiona ikipinduka baada ya sentimita 12 hivi, na kwa masafa ya karibu ikivunjika vipande.

Fikirini maana ya tarakimu hizo. Kifua cha mtu mzima kina unene usiofika sentimita 26 kwa wengi wetu. Ile ya kwanza inaweza kuingia na kutoka kwa matundu mawili madogo, na mtu akasema, "Ni mchubuko." Ile ya pili inaweza kuingia kwa tundu dogo zaidi, ikaharibu ndani vibaya. Tundu la nje halisemi kilichotokea ndani. Hilo ndilo neno moja ninalotaka mwondoke nalo.

Kuta zetu

Wataalamu hupiga risasi kupitia mbao na mabamba kwa sababu wanajua kwamba watu hujificha nyuma ya vitu hivyo. Nasi tuzitazame nyumba zetu kwa jicho hilo hilo.

Nyumba za mbao, kama nyingi zilizojengwa juu ya mawe ya volkano huko Goma baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa mwaka 2002, zinazuia baridi na macho ya watu. Hazizuii risasi ya bunduki. Mlango wa bati hauzuii. Kitanda, kabati na godoro havizuii. Ukuta mmoja wa udongo au wa matofali membamba si ngao ya kutegemewa, hasa ikiwa risasi zinapiga mahali pamoja mara kwa mara. Kuta nene za mawe ya volkano ni bora zaidi, na kuta mbili ni bora kuliko moja.

Kwa hiyo, milio ikianza, ondokeni madirishani. Msisogee kuchungulia wala kupiga picha kwa simu. Ingieni chumba cha ndani, au ukumbini, ambapo kati yenu na mahali milio inakotokea pana kuta mbili au zaidi. Laleni chini kabisa, watoto wakiwa kati. Aliye nje na ajilaze kwenye mtaro, bondeni, au nyuma ya jiwe kubwa. Gari si kinga. Sehemu pekee yake yenye uzito wa kutosha ni injini na magurudumu.

Wapo wasemao kwamba risasi iliyopigwa juu hewani hairudi na nguvu. Si kweli. Majaribio ya ofisa Julian Hatcher wa jeshi la Marekani, miaka mia moja hivi iliyopita, yalionyesha kwamba kichwa cha risasi ya bunduki kilichopigwa wima hurudi kwa mwendo wa mita 90 hivi kwa sekunde. Mwendo huo unatosha kumjeruhi vibaya mtu kichwani. Na ile iliyopigwa kwa mshazari huja na mwendo mkubwa zaidi, nayo huweza kusafiri zaidi ya kilomita 2. Kwa hiyo mpiganaji anayepiga hewani upande mmoja wa mpaka anapiga, kwa kweli, juu ya paa la mtu mwingine.

Jeraha

Kwa kuwa tundu halisemi kilichotokea ndani, kila aliyepigwa risasi apelekwe hospitali, hata akitembea, hata akisema hajambo. Piga 912 kwa gari la wagonjwa, au 112 kwa polisi.

Mkisubiri, fanyeni haya. Mlazeni chini. Mkateni nguo mtafute jeraha la pili, kwani risasi inaweza kuwa imetokea mahali msipotazamia: kwapani, mgongoni, kwenye kinena. Damu ikitiririka, bonyezeni kwa nguvu kwa kitambaa safi, wala msikiondoe kila mara kutazama. Kikilowa, ongezeni kingine juu yake. Mkono au mguu ukiendelea kutoka damu kwa wingi, funga mkanda mpana juu ya jeraha, upande wa kuelekea mwilini, ukaze hadi damu ikome, uandike saa uliyoufunga. Mfunikeni asipate baridi. Asipewe chakula wala kinywaji, maana huenda akapasuliwa.

Nayo haya msiyafanye. Msitie majani ya chai, kahawa, majivu, udongo wala petroli. Msiingize kidole, kisu wala koleo kutafuta kichwa cha risasi. Hata madaktari mara nyingi hukiacha ndani pale ambapo kukitoa kuna hatari kuliko kukiacha. Kinachoua haraka ni damu inayopotea. Wala msimfiche majeruhi kwa kuogopa maswali ya polisi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Maswali yana wakati wake, damu haina.

Mnachokiokota

Baada ya mapigano, watoto huenda kutafuta vyuma chakavu. Najua hali ya maisha. Najua kilo ya shaba ina bei. Lakini naomba kila mzazi aseme na wanawe jioni ya leo.

Kichwa kilichokwisha piga hakilipuki, na ganda tupu halilipuki. Lakini mtoto hawezi kutofautisha ganda tupu na risasi nzima, wala risasi ya milimita 12.7 na kiwashio cha kombora. Risasi nzima ikitupwa motoni au ikigongwa kwa jiwe inaweza kulipuka na kumpofusha mtu. Bomu la mkono na kombora ambalo halikulipuka ni hatari hata likiguswa kwa ncha ya kidole. Basi kanuni iwe moja kwa vitu vyote: usikiguse, usikisogeze, usikitupie jiwe. Weka alama kwa mbali, kama vile tawi au kitambaa, waondoe wengine, ukampigie simu kiongozi wa mudugudu au polisi kwa 112.

Kuna sababu nyingine ya kutokukigusa. Ndani ya mtutu wa bunduki kuna mifereji iliyozungushwa ambayo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Mifereji hiyo huacha mikwaruzo kwenye koti la shaba, nacho kigongo cha bunduki huacha alama kwenye ganda. Kila bunduki ina mwandiko wake. Taasisi ya Sayansi ya Uchunguzi wa Jinai ya Rwanda, RFI, huko Kigali, ina wataalamu wa kuusoma mwandiko huo. Ukikisugua kichwa cha risasi kwa mchanga ili king'ae, au ukalipeleka ganda sokoni, umefuta jina la mhusika.

Tusidhani ushahidi huu unawahusu watu peke yao. Julai 2007, katika Hifadhi ya Virunga, upande wa pili wa milima hii, sokwe wa familia ya Rugendo, pamoja na dume lao kubwa Senkwekwe, waliuawa kwa risasi. Watu wa vijiji vya karibu waliwabeba kwa machela za miti kutoka msituni, kama wabebavyo wafu wao. Mawindo ya haramu katika misitu yetu mara nyingi hutumia mitego ya kamba na waya. Lakini silaha za vita zikizagaa, mnyama naye huzipata. Aliyemuua sokwe jana kwa bunduki ya kuokota anaweza kuielekeza kesho kwa mfanyabiashara barabarani.

Sheria na ujirani

Kuwa na bunduki au risasi bila kibali ni kosa la jinai, hata risasi moja, hata ikiwa "ya ukumbusho". Nchi za ukanda wetu zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004 ili kuzuia kuenea kwa silaha ndogo na nyepesi, na kituo cha RECSA kilichopo Nairobi ndicho kinachoratibu utekelezaji wake. Lakini itifaki haina macho. Macho ni yenu: wa Busasamana na Bugeshi mnaolima karibu na mpaka, wa Cyanzarwe mnaopitisha ng'ombe, wa mjini Gisenyi mnaopangisha vyumba.

Yeyote aliye na risasi au silaha aliyoiokota, au aliyoachiwa na mtu, aje kwetu, au amwambie kiongozi wa mudugudu atufikishie habari, nasi tutaifuata hapo ilipo. Asiibebe mwenyewe njiani, kwa usalama wake na wa wenzake. Na yeyote atakayeona biashara ya vitu hivyo, atwambie.

Ndugu zangu, wale waliopiga risasi kwenye sabuni na jelatini kwa miaka mia moja walitaka kujua jambo ambalo hakuna mtu anayepaswa kulijua kwa mwili wake. Wamekwisha lijua kwa niaba yetu. Tuutumie ujuzi huo kwa mambo madogo yaliyo mikononi mwetu: kuta mbili badala ya moja, kitambaa safi na mkono usiolegea badala ya majivu, tawi la alama badala ya mkono wa mtoto. Mpaka huu tumeushiriki na jirani zetu kwa ndoa, kwa biashara na kwa misiba. Tuulinde pamoja, na tulindane.

Sasa nipo tayari kwa maswali yenu, na naomba kina mama waanze.